Nambari Ishirini na Nne

Wewe uliyeliokota daftari hili, lifunge kwanza. Tazama nyuma yako. Kama yupo mtu, hasa mtu wa ofisini, lirudishe ulipolitoa, chini ya fomu za vizazi za mwaka 1979 ambazo hakuna anayezigusa. Kama uko peke yako, soma, lakini usimwambie mtu hata neno moja. Mkeo usimwambie. Padri usimwambie. Mimi ni karani wa masjala, nina miaka ishirini na tatu, jina langu Zenon, na sina kazi nyingine ya kukimbilia.

Jumapili, 8 Julai 1984

Baridi. Upepo wa leo unaingia mpaka kwenye meno.

Kesho anafika Dk. Lukmani, daktari wa moyo kutoka Dar es Salaam. Anakuja na mashine inayoonyesha moyo ukiwa unapiga. Haina kisu wala si eksirei. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii. Barua yake nimeisoma mara nne. Atakaa hapa hospitali siku tano, atapima watu ishirini na wanne. Akiona valvu ya mtu imebana, anamwandikia barua ya kwenda Dar kwa ajili ya upasuaji. Bila picha hakuna barua.

Na chini kabisa: atachagua mfanyakazi mmoja akafundishwe kazi ya mashine hiyo, miezi sita.

Mfanyakazi huyo ni mimi. Bado hajajua.

Tatizo ni Basil, mhudumu wa chumba cha eksirei. Darasa la saba! Anacheka na kila mtu. Hata wagonjwa wanamwita kwa jina. Simpendi.

Orodha ya wagonjwa nimeiandika mimi, kwa mwandiko wangu wa mtihani. Na mdogo wangu Bertilla amefika leo kutoka Mpui juu ya lori la mahindi, amebeba kikapu cha maharage. Ana miaka kumi na saba. Alipokuwa darasa la nne magoti yalimvimba, yakapona, ugonjwa ukahamia moyoni. Sasa halali kama watu. Anakesha ameegemea gunia, maana akijinyoosha chali anasema anazama. Tangu mama afariki tumebaki wawili tu.

Nimemweka nambari ishirini na nne.

Si ukatili. Ni akili. Mwaka jana, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, karani wa stoo alikutwa ameandika jina la shemeji yake juu kabisa kwenye orodha ya sabuni. Jina lake likasomwa mkutanoni. Alisimama mbele yetu sote. Sijamwona tena. Shemeji yake alikuwa wa kwanza. Mdogo wangu atakuwa wa mwisho. Nani atafungua kinywa?

Nilimweleza Bertilla. Akasema kumbe kaka ana cheo, amempa nambari kubwa kuliko watu wote. Akacheka hadi akakohoa. Akakohoa hadi nikaenda kufunga mlango.

Jumatatu, 9 Julai

Amefika. Land Rover ilikuwa nyekundu kwa vumbi la njia ya Tunduma. Nilikuwa wa kwanza kumwamkia. Basil alikuwa wa kwanza kubeba mizigo. Hivyo ndivyo alivyo.

Daktari hakuuliza chakula. Aliuliza kitanda. Akatueleza: mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, ili moyo usogee karibu na mbavu. Ukingo wa godoro ukatwe kipande, mahali ziwa la kushoto linapolalia, ili mkono wa daktari upite kutokea chini. Bila hivyo mgonjwa anabanwa na daktari anajipinda. Yeye miaka kumi ya kujipinda imemharibu bega la kulia. Akataka pia stuli, blanketi, na mtu wa kuzungumza na wagonjwa kwa upole. Akasema mtu mwenye baridi na hofu, hata moyo wake husema uongo.

Neno hilo nililiandika. Kisha nikainua mkono. Godoro niachieni mimi!

Kukata godoro ni kukata mali ya umma. Kwa hiyo nikaandika barua ya kuomba idhini ya kukata, nakala tatu, kaboni mpya. Nikaipeleka kwa Katibu wa hospitali. Katibu amekwenda Kipili kukagua zahanati. Anarudi Alhamisi.

Nikamjulisha Daktari, kwa heshima zote, kwamba shughuli ya godoro inaendelea. Akauliza nimeomba kipande cha ukubwa gani. Nikasema inchi sita kwa tisa. Akasema asante.

Akafanya kazi kwenye kitanda kizima, amepinda kama mtu anayemfukuza kuku uvunguni. Wagonjwa watatu tu, badala ya watano. Kisha jenereta ikazimwa. Dizeli yetu ni ya saa nne kwa siku, na hiyo ya wiki nzima imeshapimwa kwenye mapipa. Wakati wa chai Daktari alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikataa kupanda.

Hata hivyo amenifahamu kwa jina. Mwanzo mzuri.

Jumanne, 10 Julai

Siku mbaya.

Nimefika saa moja na nusu kuongeza sentensi kwenye barua ya godoro. Nikamkuta Basil ametoa vigodoro viwili vya wodi ya watoto. Amevipanga juu ya kitanda, kimoja kichwani, kimoja miguuni. Katikati ameacha nafasi ya mkono kupita. Hakuna kilichokatwa! Hakuna aliyeombwa idhini! Daktari alipenyeza mkono, ukapita. Akamwita Basil fundi. Sista Kristiana, muuguzi wa zamu, akapiga makofi. Akanigeukia akaniuliza kama barua yangu bado iko safarini, ama nayo imelala ubavu.

Nilimweleza kwamba kuna utaratibu. Akasema utaratibu haumchomi mtu sindano.

Wagonjwa sita wamepimwa. Jumla tisa.

Lakini nimeona jambo. Ile jeli! Kabla ya kupima, Daktari humpaka mgonjwa kifuani jeli ya kuteleza ili sauti ipite. Na jeli ni barafu. Mzee Oswaldi aliruka kitandani, nusura aipige mashine teke. Alisema amekuja kupimwa moyo, hakuja kuoshwa maiti. Mtu wa Kipili, anayesubiri kwenye benchi, akauliza kama huko ndani wanapaka watu utelezi wa kambale.

Basil ameanza kubeba chupa moja ndani ya sweta lake, kwapani. Eti ipate joto la mtu. Ushamba mtupu. Kesho nitaonyesha maana ya elimu.

Jumatano, 11 Julai

Mtu yeyote asimwambie mtu yeyote.

Mpango ulikuwa mzuri. Maji ya moto, chupa ndani ya maji, jeli inapata uvuguvugu, mgonjwa anatulia, Daktari anauliza ni nani mwenye akili hiyo. Daktari alikuja na chupa nane. Moja imekwisha. Mbili nikawaachia chumbani. Tano nikazichukua, nikaziweka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, nyuma ya masjala. Akaja mtu dirishani anataka fomu ya kizazi cha mtoto aliyezaliwa wakati wa uhamisho wa vijiji. Hajui mwaka. Tulihesabu misimu ya ulezi, yeye na mimi, hadi tukaupata.

Niliporudi chupa zilikuwa zimelala. Zimekunjana kama watu waliochoka. Maji yameingia, jeli imetoka, sufuria nzima ni povu lenye harufu ya plastiki.

Chupa tano!

Nikamwaga nyuma ya choo, nikafunika kwa majivu. Sista Kristiana akapita, akanusa, akauliza ni nini kinaungua. Nikasema ni upande wa sokoni. Akasema leo soko limehamia chooni.

Hakuondoka. Akasema Daktari anauliza kama kwenye orodha yupo mgonjwa asiyeweza kulala chali. Kama yupo aletwe mapema, maana hao hawangoji. Na yeye Sista mwenyewe amemwona msichana fulani kwenye benchi, midomo imekuwa ya zambarau, anajipepea kwa kanga katika baridi hii.

Niliishika orodha. Nikaitazama kuanzia wa kwanza hadi wa ishirini na nne. Nikamjibu kwamba orodha haionyeshi jambo hilo.

Ni kweli haionyeshi. Haina safu ya jambo hilo.

Wagonjwa sita tena. Jumla kumi na tano. Bado tisa, na chupa moja na robo.

Alhamisi, 12 Julai

Jana jioni nilimwomba Bi Mwantum, mwenye nyumba wangu hapa Katandala, anipikie mlenda. Mwembamba. Usiwe na chumvi, wala magadi, wala kitunguu. Akaniuliza, mwanangu, unaumwa au umeingia dini nyingine? Nikamwambia ni tumbo. Nikauchuja kwa kitambaa cha leso mara tatu. Ukatoka mwepesi, unavutika, unang'aa. Karibu kabisa na jeli ya kweli. Nikaujaza kwenye chupa ya jeli iliyokwisha na nyingine mbili za dawa ya kikohozi. Asubuhi na mapema nikazipanga chumbani.

Wa kwanza kitandani alikuwa Mama Cornelia, mkulima, mama wa watoto tisa. Daktari akampaka. Mama Cornelia akanyanyua pua. Akachovya kidole kifuani, akanusa. Akauliza, kwa sauti iliyofika hadi getini, kwa nini anapikiwa mboga juu ya mwili. Kisha akasema aliyeupika mlenda huu hana mama, maana hakuutia hata magadi.

Mtu wa Kipili akajibu kutoka kwenye benchi kwamba yeye alete migebuka ya ziwani, mwingine alete ugali, wamalizie humo humo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimsikia Bertilla pia, kicheko chake kifupi cha kukata pumzi.

Picha ilijaa ukungu. Mapovu, alisema Daktari. Sauti haipiti kwenye mapovu. Hakufoka. Alinusa chupa, akatabasamu, akasema aliyefanya hivi angalau amejaribu. Nikaanza kuinua mkono. Akaendelea: ila angependa kujua chupa zake tano ziko wapi. Nikajikuna kichwa kwa mkono ule ule.

Basil alileta maji ya uvuguvugu, akamfuta Mama Cornelia taratibu, anamtania kuhusu magadi. Ile jeli kidogo ikawekwa akiba ya kesho. Wakatafuta mafuta ya kula. Mafuta yanatiririka, yanaingia kwenye shuka, kila mgonjwa anachukua saa nzima. Wanne tu. Jumla kumi na tisa.

Katibu amerudi kutoka Kipili. Barua yangu ya godoro iko juu ya meza yake. Ni ya tatu kutoka juu.

Ijumaa, 13 Julai

Naandika polepole ili mwandiko usiharibike.

Wa ishirini alichukua muda. Wa ishirini na moja alilia, Basil akamwimbia. Mtu wa Kipili alikuwa wa ishirini na mbili. Alimwuliza Daktari kama ndani ya moyo kunaonekana madeni. Wa ishirini na tatu nilimwona anatoka saa saba na nusu. Jenereta ilikuwa inakohoa.

Nikaita nambari ishirini na nne. Nikaita nambari tu, sikuita jina.

Basil alikuwa tayari ameinua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili. Akaviegemeza vigodoro, akamlaza Bertilla nusu ameketi, ubavu wa kushoto, blanketi mpaka kiunoni. Sista Kristiana akashikilia kanga mbele yake ili asione aibu. Chupa ya mwisho ikatoka kwapani mwa Basil. Bertilla hakuruka. Alisema, kumbe ni vuguvugu. Daktari akamwuliza anapenda kula nini. Akasema chochote kisicho mlenda. Wakacheka wote. Nilikuwa mlangoni na orodha.

Daktari akaanza kupima. Akasogea. Bila kugeuka akauliza ni nani aliyemweka binti huyu mwisho. Kisha akaitazama fomu. Akaona jina la baba. Akaniuliza mimi, Zenon, huyu ni nduguyo?

Chumba kilikuwa na giza, mwanga wa mashine tu. Sista Kristiana alikuwa ananitazama. Hata mhudumu wa dizeli alikuwa amesimama dirishani.

Nikasema jina hilo ni la kawaida sana Mpui.

Bertilla aligeuza uso ukutani.

Hapo jenereta ikafa. Mwanga ukawa mstari, mstari ukawa nukta, nukta ikaondoka. Dizeli ya wiki imekwisha. Ile tuliyoichoma Jumatatu, tukimtazama Daktari anajipinda, ndiyo ingetosha leo.

Daktari alibaki ameketi gizani. Akasema ameona nusu. Kwa nusu hawezi kuandika barua. Atakuwa Mbeya hadi Jumatano, na huko umeme upo. Lakini Land Rover ina nafasi moja, na nafasi hiyo ameshamwahidi mfanyakazi aliyemchagua.

Moyo wangu uliruka. Nakiri. Hata wakati ule uliruka.

Akamtaja Basil.

Basil akasema yeye atapanda lori kesho, binti akae mahali pake. Hakufikiri hata kidogo. Mtu asiyefikiri! Kwa dakika tano mambo yalikuwa yamekwisha. Walimketisha Bertilla kati ya dereva na Daktari, mto mgongoni, mashine nyuma imefunikwa kwa blanketi letu la wodi ambalo hakuna aliyelisainia.

Nilimpelekea kikapu chake. Akampa Basil mkono. Akamwambia asante, kaka Basil.

Kisha akanitazama. Alikuwa amechoka, hakuwa na hasira. Akasema kwaheri, Ndugu Karani.

Alhamisi, 19 Julai

Simu ya maandishi imefika posta. Nainakili yote:

MOYO UMEONEKANA. VALVU IMEBANA SANA. BARUA YA DAR IPO. NDUGU WA DAMU ASAINI KABLA TAREHE 31. ANAKUULIZA. NJOO. BASIL.

Niliisoma nikaketi. Kisha nikaipeleka kwa Katibu. Akaisoma amesimama. Akaniambia niende kesho alfajiri, lipo lori la mahindi linalokwenda Tunduma, yeye mwenyewe atamwambia dereva. Nilimshukuru. Nikamwomba aniandikie. Akasema, kijana, mdogo wako anakufa, unataka karatasi ya nini? Nenda!

Mtego huo naujua. Neno la mdomo halina mhuri. Leo anasema nenda, kesho mkutanoni wanauliza karani wa masjala alikwenda wapi, kwa idhini ya nani, na kwa nini wa kwao anapata wakati wengine wanangoja. Nani atanitetea? Basil?

Kwa hiyo nimefanya jambo la akili. Nimeifungua orodha ya likizo. Wapo watu kumi na mmoja, na kila mmoja ana siku saba zake. Ningeweza kujiandika juu. Kalamu ni yangu, orodha ni yangu. Nimejiandika wa kumi na mbili. Zamu yangu ni Oktoba. Hapo hakuna mwenye kinywa cha kusema.

Nimemjibu Basil: OMBI LINASHUGHULIKIWA.

Jambo moja jema. Katibu amesaini ile barua ya godoro. Idhini ya kukata imetolewa, mhuri umekaa sawa. Leo mchana nimelikata kwa wembe, inchi sita kwa tisa, ukingo umenyooka kama rula. Nikalitandika kitandani chumbani kule, hakuna mtu. Nikajilaza ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Ni kweli. Mtu anapumua vizuri. Nilikaa pale hadi Sista Kristiana alipofungua mlango, akaniona, akaufunga tena.

Sasa wewe uliyesoma, ukitaka kunipata, ni rahisi. Mimi nipo hapa hapa. Ukishapita geti la hospitali usiulize mtu. Fuata ukuta wa eksirei, dirisha la pili, lile lenye kioo kilichobandikwa gazeti. Njoo kati ya saa mbili na saa nane, si wakati wa chai. Gonga mara moja. Usiniite kwa jina, usitaje ukoo, usiseme tunajuana. Sema umekuja kuchukua fomu. Na ukikuta watu wamesimama, simama nyuma yao ungoje zamu yako.

Hata kama ni wewe, Bertilla.